Mahindi Meupe Peee na Bado Yanakataliwa: Kupima Sumukuvu Kabla ya Kuuza

Kipindi hiki ukitoka Mungaa kwenda Makiungu kila uwanja una turubai: huku mahindi, kule alizeti, pale karanga zinasubiri kumenywa. Na simu yangu nayo haipumziki. Swali linalokuja sana ni hili: "Afisa, mnunuzi anataka majibu ya sumukuvu. Mahindi yangu ni meupe peee, hayanuki, hayana mdudu. Sasa nipime nini?"

Swali zuri, na jibu lake lina hela ndani yake. Lina afya ya watu wa nyumbani kwako pia. Leo nataka tuelewane jinsi kipimo kinavyofanyika, kuanzia kwenye gunia mpaka kwenye karatasi ya majibu, maana wengi wanalipia kipimo halafu wanapata majibu yasiyo na maana. Tatizo mara nyingi haliko maabara. Liko kwenye ule mfuko uliopeleka.

Sumukuvu ni nini, na kwa nini jicho halitoshi

Kuvu ni ule ukungu unaoota kwenye nafaka. Zipo aina nyingi. Inayotusumbua hapa inaitwa kitaalamu Aspergillus flavus, ina rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Inaishi kwenye udongo wa shamba lako, inapenda joto, na inatengeneza sumu ndiyo hiyo tunayoiita sumukuvu, wengine aflatoksini. Mahindi na karanga ndiyo mazao inayoyapenda zaidi, lakini alizeti na mtama navyo havijasalimika.

Wengi wanadhani kuvu inaanzia ghalani. Hapana. Inaweza kuingia zao likiwa bado shambani, hasa mvua ikikatika wakati punje zinajaa. Mmea ukiwa na kiu unakosa nguvu ya kujilinda, na funza akishatoboa gunzi au ganda la karanga, mlango uko wazi. Kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja na hukatika inavyotaka, kwa hiyo hatari hiyo tunayo karibu kila mwaka. Ghalani ni pale inapoendelea, ukihifadhi mzigo wenye unyevu.

Sasa sikiliza vizuri. Kuvu na sumu ni vitu viwili. Kuvu ikishatengeneza sumu yake inaweza kukauka na kufa, au ukaipepeta na upepo ukaibeba, lakini sumu inabaki ndani ya punje. Haina rangi unayoiona, haina harufu, haina ladha. Na kinyume chake pia kipo: nafaka inaweza kuwa na ukungu wa aina nyingine usiotengeneza sumukuvu kabisa. Kwa hiyo weupe wa mahindi ni dalili nzuri, lakini si majibu.

Na jiko halikusaidii. Joto la kuchemsha ugali au kukaanga karanga halitoshi kuivunja sumu hii. Wali wa mahindi, uji, kande, vyote inapita navyo.

Wanunuzi wamepata wapi huu wasiwasi?

Dunia iliigundua sumukuvu mwaka 1960 kule Uingereza, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa ndani ya miezi michache. Wataalamu walifuatilia chakula chao wakakuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Toka hapo nchi zikaanza kuweka viwango.

Huku kwetu imekuja karibu zaidi. Mwaka 2004 Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui ndiyo yaliyoumia zaidi, waliugua watu 317 na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: mikoa ya Dodoma na Manyara, katika wilaya kama Chemba, Kondoa na Kiteto. Watu waliugua tumbo, wakatapika, macho yakawa ya njano, na takribani 20 walifariki. Chemba si mbali, ni jirani wa mkoa wetu, ardhi ile ile na mvua ile ile. Na mahindi yenyewe yalikuwa ya majumbani, ya kawaida kabisa, yale watu waliyolima wenyewe.

Hayo ni madhara ya sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu kidogo kidogo kila siku haikulazi hospitali kesho, lakini inachosha ini, na Shirika la Afya Duniani linaitambua kama chanzo cha saratani ya ini. Mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake inazidi mara nyingi. Kwa watoto imehusishwa na kudumaa.

Kibiashara, mtakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache walifungua, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi ppb 10. Wafanyabiashara wa Kibaigwa walilisikia lile katazo siku ile ile. Tangu hapo mnunuzi mwenye akili hataki kununua gari zima halafu likwame mpakani. Wasiwasi wake anauleta kwako wewe mkulima.

Hiyo ppb 10 ni kiasi gani hasa?

Kwa Afrika Mashariki, mahindi na karanga za kuliwa na watu hazitakiwi kuzidi ppb 10 za sumukuvu yote kwa jumla, na ile aina kali zaidi inayoitwa B1 isizidi ppb 5. Ulaya ni wakali kuliko sisi: karanga za kuliwa moja kwa moja mwisho ni 4 kwa jumla na 2 kwa B1.

ppb ni sehemu moja ndani ya bilioni. Tuiweke kwa lugha ya gunia. Ukichukua gramu moja tu ya sumu, ile ya kuchovya kwa ncha ya kijiko, ukaisambaza sawasawa kwenye magunia 1,000 ya kilo 100, kila gunia litakuwa limefika ppb 10. Gramu moja, magunia elfu moja.

Lakini sumu haisambai sawasawa. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Shamba zima linaweza kuwa safi, isipokuwa magunzi machache yaliyotobolewa na funza. Gunia zima linaweza kuwa zuri, isipokuwa pembe moja iliyogusa sakafu yenye unyevu. Maabara zimewahi kupima punje moja moja za karanga zikakutwa na zaidi ya ppb milioni moja. Piga hesabu: punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho inatosha kufikisha kilo 50 za karanga kwenye ppb 10. Punje moja!

Sasa wewe unayeenda gunia la juu, unachota viganja viwili, unafunga kwenye rambo unapeleka kupimwa, una uhakika gani kwamba punje ile imo ama haimo?

Sampuli ndiyo kipimo

Nina mfano wa vijana wawili wa huku kwetu, majina nayaacha. Walikuwa na magunia 60 ya mahindi. Wakachukua kilo moja kwenye gunia la karibu na mlango, wakapeleka kupima, majibu yakaja ppb 4. Furaha. Mnunuzi alipokuja akachoma magunia mbalimbali, akachanganya, akapima kivyake, akapata 31. Ikawa kelele. Vijana wakasema jamaa anataka kuwashusha bei, mnunuzi naye akasema cheti chao cha kuchonga.

Nilipokaa nao tukarudi nyuma hatua kwa hatua, ikaonekana wote walisema kweli. Kuna usiku mvua ya kuchelewa iliwakuta mahindi yakiwa nje, upande mmoja wa turubai ukalowa. Wakaanika tena, wakapukuchua, wakaendelea kujaza. Magunia 14 yalitoka upande ule. Gunia la karibu na mlango halikuwa mojawapo. Maabara ilipima vizuri kabisa kilo moja iliyopelekewa, ila kilo ile haikuwa sauti ya magunia 60.

Bahati yao walikumbuka magunia yapi yalitoka wapi. Yale 46 yalipimwa upya peke yake yakapita. Wangekuwa wamechanganya, wangepoteza yote.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kipimo, jiulize sampuli yako inawakilisha nini.

Kuchukua sampuli, hatua kwa hatua

Kwanza, gawa mzigo kwa mafungu. Fungu moja ni mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa wakati mmoja, yakakaushwa pamoja na kuhifadhiwa pamoja. Shamba la bondeni na shamba la mlimani ni mafungu mawili. Yaliyonyeshewa ni fungu lake. Andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya gunia: A, B, C. Kazi ya dakika kumi hiyo.

Pili, chukua wakati unajaza magunia kama unaweza. Hii ndiyo njia nzuri na rahisi kuliko zote, maana punje zote zinapita mbele yako. Kila gunia chota kikombe kimoja cha chai mwanzoni, kimoja katikati, kimoja mwisho. Magunia 20 yatakupa vikombe 60, hiyo ni zaidi ya kilo 10. Weka kwenye ndoo safi kavu yenye mfuniko.

Tatu, kama magunia yameshashonwa, tumia bambo, ule mkuki wenye tundu wanaotumia wanunuzi kuchomea magunia. Magunia yasiyozidi 10 choma yote. Yakiwa kati ya 10 na 100, choma yasiyopungua 10, na mimi nakushauri uzidishe. Yakizidi 100, tafuta kipeuo cha pili: magunia 400, choma 20. Usichague yaliyo karibu na mkono wako. Chukua ya juu, ya chini, ya ukutani na ya katikati ya rundo. Na kila gunia choma juu, katikati na chini, mara kadhaa.

Nne, changanya. Mwaga yote kwenye turubai safi kavu, geuza kwa beleshi kama unavyokoroga zege, mara nne au tano. Kisha rundika kama kichuguu, bapaza, gawa robo nne kwa ubao. Robo mbili zinazotazamana ni sampuli ya maabara, mbili zilizobaki ni zako za akiba. Kila upande usipungue kilo 5. Ile ya akiba itunze pakavu: siku mnunuzi akibisha, ndiyo shahidi wako.

Tano, funga kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Rambo hapana, kwa sababu linabana jasho na kuvu inaendelea kukua njiani, utapimiwa sumu iliyozaliwa ndani ya basi. Weka karatasi yenye jina la fungu, tarehe, idadi ya magunia na mahali yalipo. Peleka mapema, usiache wiki mbili juu ya kabati.

Na la sita ni la uaminifu. Usichambue sampuli. Kama utachambua, chambua mzigo wote kwanza, halafu ndipo uchukue sampuli. Ukipeleka punje zilizochaguliwa umejipima wewe na tamaa yako, mahindi hujayapima.

Kule maabara wanafanya nini?

Wanaanza kwa kusaga. Sampuli yote isagwe laini, ndiyo namna pekee ya kuitawanya ile punje moja mbaya ndani ya unga wote. Wakisaga kiganja tu katika kilo 5 zako, kazi yako yote ya bambo imepotea, kwa hiyo usione haya kuuliza: "Mnasaga yote?" Kisha wanachukua kiasi kidogo cha unga, wanachanganya na kimiminika kama spiriti kinachoivuta sumu itoke, wanachuja, halafu wanapima.

Kupima kwenyewe kuna ngazi. Kuna vipimo vya haraka vya kijiti, vinafanana na kile cha malaria cha zahanati, na majibu yanatoka ndani ya dakika chache. Vinafaa kwa kuchuja mizigo ghalani. Ila angalia: kwenye malaria mstari wa pili ukitokea maana yake unaumwa. Kwenye vijiti vingi vya sumukuvu ni kinyume, mstari wa pili ukififia au kupotea ndiyo sumu ipo. Nimeshaona watu wakishangilia majibu mabaya. Soma maelekezo ya kipimo husika.

Juu ya hapo zipo mashine kubwa za maabara zinazotaja kiwango kamili na kutenganisha B1 na aina nyingine. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka au mkataba mkubwa, majibu ya namna hiyo ndiyo yanayoaminika.

Wapo pia wanaomulika mahindi kwa taa ya miale ya urujuanimno na kutafuta mng'ao wa kijani-njano. Ile ni ya kukutilia shaka tu. Punje inaweza kung'aa bila sumu, na yenye sumu ising'ae.

Kuhusu pa kwenda: tangu Julai 2019 kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa TFDA ipo chini ya TBS, na kwa sisi wa kanda ya kati ofisi yao iko Dodoma. Serikali pia, kupitia mradi wa kudhibiti sumukuvu wa TANIPAC, imejenga kituo cha masuala ya baada ya mavuno Mtanana, Kongwa. Kabla hujapanda gari pita ofisi ya kilimo ya Halmashauri pale Ikungi, au njoo kwangu, tupige simu tuulize mambo manne: wanapokea sampuli za mkulima binafsi? Wanataka kilo ngapi? Bei gani? Majibu siku ngapi?

Kusoma karatasi ya majibu

Usiishie kwenye neno "imefaulu". Angalia: jina la fungu ni lile uliloandika? Tarehe ya kupima ni lini? Kiwango cha jumla ni ngapi, na cha B1 ni ngapi? Wametumia kipimo gani? Ukiona imeandikwa kwamba sumu haikugundulika, maana yake iko chini ya uwezo wa kipimo kile kuona.

Na elewa kwamba majibu ni ya fungu lile, kwa siku ile. Hayaulindi mzigo. Bati likivuja wiki ijayo, karatasi yako inabaki na namba nzuri na mahindi yanaharibika.

Gharama: kupima kwa kikundi

Najua mnachofikiria. Tufanye mfano. Tuseme kipimo, nauli na usumbufu vinafika shilingi 150,000. Mwenye magunia 10 ni shilingi 15,000 kwa gunia, inauma. Vijana 10 wenye magunia 100 kwa pamoja ni 1,500 kwa gunia, hiyo unairudisha kwenye bei.

Lakini kikundi kina mtego wake: mmoja mvivu anawaangusha tisa. Kwa hiyo wekeni sheria ya mlangoni. Kila mwanachama mzigo wake upimwe unyevu na ukaguliwe kwa macho kabla haujaingia ghala la pamoja, na magunia yake yawe na alama yake. Mchanganyiko ukifeli, mna uwezo wa kurudi kwenye sampuli za akiba za kila mmoja na kumpata mwenye shida bila kugombana. Kipimo cha unyevu cha mkononi mnaweza kuchangishana mkanunua kimoja.

Kama hamna, tumia chupa na chumvi. Chupa ya kioo kavu, mahindi theluthi moja, chumvi iliyokaushwa juani vijiko viwili au vitatu. Funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda uko chini ya 15, lakini usikimbilie kushona gunia. Lengo la mahindi ni asilimia 13, na karanga zilizobanguliwa ni kama 7. Anika siku nyingine moja au mbili.

Mzigo ukifeli

Usiuchanganye na mzuri ili kushusha kiwango. Zile punje mbaya bado zimo, na mnunuzi anayejua kuchoma gunia atazipata.

Kinachosaidia ni kuchambua. Sumu nyingi imejificha kwenye punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa. Pepeta, chekecha, chagua kwa mkono, kisha chukua sampuli upya na upime upya. Fungu lililozidi kidogo mara nyingi linaokoka. Lililozidi sana lione kama limekufa, na tukae na wataalamu wa Halmashauri tuone linateketezwaje.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike leo. Yale makapi tuliyoyachambua yanaenda wapi? Nyumba nyingi ninazopita, gunia zuri linaenda sokoni na makapi yanabaki nyumbani: yanasagwa ugali, yanapikiwa pombe, yanamwagiwa kuku. Tunawauzia wageni chakula salama, halafu sumu yote tunaikusanya mahali pamoja na kuwawekea watoto wetu mezani. Mkulima wa biashara anayefanya hivyo ana cheti kizuri na familia inayoumia.

Pombe haiondoi sumu. Na kuku, ambao ndio jina la Singida nchi nzima, wanaumia vile vile: wanadumaa, mayai yanapungua, vifo visivyoeleweka vinaanza na wewe unalaumu chanjo. Bata ndio kabisa, hawastahimili. Ng'ombe wa maziwa akila sumu anaitoa kwenye maziwa. Na mashudu yetu ya alizeti tusiyaamini kwa macho: sumukuvu haipendi kwenda na mafuta, inabaki kwenye mashudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya mbegu na mashudu kutoka wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa, Singida ikiwemo, na mashudu yalikutwa na sumu mara nyingi zaidi kuliko mbegu. Mwenye mradi wa kuku 500 na anayenunua mashudu kwa gari naye apime.

Ya kufanya ili upime ukiwa na amani

Vuna mapema zao likishakomaa, usiliache shambani likisubiri harusi iishe. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, maana kuvu inaishi kwenye udongo. Kuanzia alasiri kusanya na funika. Usipukuchue kwa kupiga fimbo, kila punje iliyopasuka ni mlango. Karanga usizinyunyizie maji ili zibanguke kirahisi. Wabanguaji wanaipenda njia hiyo kwa sababu inaokoa vidole, lakini unamwagilia kuvu. Ghalani panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, kama PICS, ni mizuri sana dhidi ya dumuzi, ila ukiweka nafaka mbichi utaiozesha humo humo.

Kwa msimu ujao, wenye mashamba makubwa fikirieni Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni punje za mtama zilizouawa zisiote, zikapakwa kuvu ya jamii ile ile isiyotengeneza sumu. Unamwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, na ile kuvu njema inawahi nafasi. Mpange mapema kama kikundi, si wiki ya kutoa maua ndipo unanipigia.

Kwa leo tuishie hapa. Ambao bado hamjashona magunia, anzeni na kikombe na ndoo kesho asubuhi. Ambao mmeshashona, bambo ipo ofisini kwangu, njoo uazime na urudishe siku hiyo hiyo, kuna wenzako wanaisubiri.